Shangazi wa Gazeti Anaposwa Garissa

Wiki iliyopita tulimwacha Dagane hotelini kwa Rukiyo, gazeti mkononi, akijipongeza kwa uongo alioudhani mtamu kuliko chai yenyewe. Wewe uliyekosa sehemu ile usihangaike, nitakusimulia upesi upesi, maana ya leo ni mazito na mimi nimeanza kucheka kabla sijaanza kusema.

Ni mwaka wa sitini na sita, Garissa, vita vya shifta vimepamba moto. Malori yanakuja kwa msafara wenye askari mbele na nyuma. Jua likizama kila mtu ndani kwake. Kutoka mjini ni kwa kibali. Kilichobaki cha kuchangamsha roho ni gazeti la Sauti ya Jirani, linaloshushwa na msafara likiwa limejaa vumbi, na ndani yake ule ukurasa wa "Niambie Shangazi", ambapo watu humwaga siri zao za ndoa na mwanamke mmoja wa Nairobi huwajibu.

Sasa, wazee wa Garissa Kiswahili cha gazeti kinawapiga chenga. Dagane, muuza ngozi, alisoma shule ya Bura mpaka darasa la saba. Basi yeye husoma, hutafsiri kwa Kisomali, na hunywa chai ya bure. Yule mwanamke wa gazeti wazee wakambatiza jina la Eddo, ndiyo shangazi kwa lugha yao.

Balaa lilianza Mzee Sugow alipouliza Eddo ni binti wa nani. Kwa watu hawa, shauri la mtu asiyejulikana ukoo wake halipokelewi. Na Mzee Sugow si mzee hivi hivi, ni baba yake Ebla, na Dagane anampenda Ebla mpaka anasahau kula. Lakini Dagane hana hata ngamia mmoja kilema, na Keinan, mfanyabiashara wa Bute, mbali kule kaskazini, alikuwa ameshatuma wazee wake kuposa.

Dagane akamhesabia Eddo babu na mababu bila kupepesa jicho, akamfanya ndugu wa marehemu Timiro, mke wa Mzee Sugow. Kisha akasoma kwamba Eddo anasema binti asiozwe mbali na kwao. Mzee Sugow akawaambia wazee wa Keinan wangoje kwanza, na Dagane akalala usingizi wa pono.

Angejua, angemchagulia Eddo ukoo mwingine wowote.

"Warya, wewe Dagane," Mzee Sugow alimwita hotelini asubuhi iliyofuata, "njoo ukae karibu yangu."

Mzee Sugow hana kawaida ya kukaa karibu na mtu asiye na mifugo. Dagane alisogea, akijiona mkwe kabisa.

"Ulisema baba yake Eddo na baba wa marehemu Timiro ni ndugu?"

"Tumbo moja, Adeer," Dagane alijibu. Adeer ni ami, na kijana huyu alikuwa akilivuta neno hilo kwa heshima zote.

"Na ni mjane?"

"Mjane kabisa." Hilo alilisema zamani, wazee waliponung'unika kwamba mke wa mtu hawezi kuzungumza na wanaume wote wale.

Mzee Sugow alijipiga goti kwa kiganja. "Basi sikilizeni nyote. Timiro alipofariki, nilikwenda kwao kudai haki yangu. Mke akifa, mume hupewa dada wa marehemu au binti wa ami yake, ndivyo tulivyowakuta baba zetu. Wakaniambia nyumba ile imekwisha wasichana. Nikanyamaza, nikavumilia. Kumbe yupo. Haki yangu imekaa Nairobi inajibu barua za watu."

Hoteli nzima ilisimama kumpa mkono. Rukiyo, mwenye hoteli, mwanamke ambaye sukari yake hupimwa kama dawa, aliongeza sukari bila kuombwa.

Dagane aliweka kikombe chini.

"Lakini Adeer, ni mtu mzima sana yule."

"Na mimi ni mtoto?"

"Ana kazi yake. Ataiachaje?"

"Si ulitusomea mwenyewe, Eddo amesema mke mwenye kazi mume amshukuru Mungu?"

Alitusomea, wazee waliitikia.

"Hajui kukamua hata mbuzi."

"Ulitusomea pia kwamba mume mwema hamlaumu mke kwa jambo ambalo hakufundishwa."

Alitusomea, wazee waliitikia tena, wengine wakifumba macho kwa utamu wa maneno yale.

"Labda hataki kuolewa tena."

"Mwezi wa Shaaban," alisema Mzee Sugow polepole, "ulisoma kwamba mjane asikae peke yake, upweke unakausha damu. Mimi maneno ya Eddo ninayo hapa." Akajigonga kifua.

Masikini Dagane. Lile la upweke kukausha damu alilitunga ili kumfurahisha Rukiyo, ambaye naye ni mjane na aliyekuwa na mandazi ya moto siku hiyo. Siku ile Shangazi wa kweli alikuwa akimjibu mtu wa Nakuru aliyechoshwa na mkwe wake. Kila mlango alioujaribu, alikuta ameupiga misumari mwenyewe.

"Kesho tunakwenda kwa Inspekta kuomba kibali," mzee alimaliza. "Wewe mkalimani wangu. Na jambo moja. Wazee wa Keinan bado wapo mjini, wanangoja msafara wa kwenda kaskazini. Nataka nisikie kwa mdomo wa Eddo mwenyewe kwamba Ebla asiozwe mbali. Akithibitisha, watakwenda zao. Asipothibitisha, Ebla anaondoka nao."

Dagane alitoka nje kutafuta hewa, akakutana uso kwa uso na Ebla mwenyewe, akirudi kutoka laini za polisi na vibuyu vyake vitupu. Kila asubuhi huwapelekea wake za askari maziwa. Dagane alikuwa akimhurumia kwa kazi hiyo, kwa sababu aliamini Kiswahili cha Ebla kinaanzia kwenye neno maziwa na kuishia hapo hapo.

"Nasikia Aabo anaoa," alisema Ebla, akimaanisha baba yake.

"Ndivyo."

"Na wewe ndiye mshenga."

"Ndivyo."

"Mbona umekunja uso?"

"Jua."

Ebla alitazama juu. Kulikuwa na mawingu. Akavuta shela yake mdomoni na kwenda zake, mabega yakimtikisika. Dagane alidhani analia kwa sababu ya Keinan. Kijana wa watu akaapa kimoyomoyo kufa au kupona.

Haya, twende kwa Inspekta.

Inspekta alikuwa mtu wa bara, mnene, mpole kama hakuchokozwa. Mzee Sugow aliingia kwake amepaka ndevu hina mpya. Alizungumza Kisomali kwa kirefu: akaanza na salamu, akapita kwenye kifo cha Timiro, akaeleza haki ya mume, akafika kwa Eddo na uzuri wa mashauri yake.

"Anasemaje?" Inspekta aliuliza.

"Anaumwa na jino," alisema Dagane. "Anataka kwenda Nairobi, lakini ukikataa ataelewa kabisa."

"Maneno yote yale ni jino?"

"Ni jino la siku nyingi, bwana."

Inspekta alimtazama Mzee Sugow, ambaye alikuwa akitabasamu meno yote nje, na yote mazima.

Mzee naye si mjinga. Aliona maneno yake yameingia mengi na kutoka machache. Akamsogeza Dagane pembeni kwa kiwiko na kujitosa mwenyewe kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambamo kila p hugeuka b.

"Bwana mkubwa. Mimi nabenda bibi ya gazeti. Nataka kwenda Nairobi, kubata yeye."

Nyakati zile, mzee wa Garissa akitaja Nairobi na gazeti kwa pumzi moja, kalamu huwekwa chini, maana hapo hunukia mambo ya shifta. Inspekta aliweka yake chini.

"Kijana," alisema, "nikuweke ndani kwanza ndiyo unieleze, au utanieleza sasa hivi?"

Dagane alieleza. Alieleza ukoo wa uongo, mjane wa uongo, upweke unaokausha damu, Keinan, Ebla, kila kitu mpaka mandazi. Mzee Sugow alikuwa akitikisa kichwa kukubali, akidhani ni yeye anayeombewa.

Inspekta alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akajifuta macho na kusema kwa sauti ya chini kidogo, "Yule mama mimi namheshimu. Mke wangu alikuwa ameniacha. Nikamwandikia, akanijibu, na mke wangu leo yuko nyumbani anapika. Usimwambie mtu."

"Simwambii, bwana."

"Kibali sitoi. Mwezi huu hakuna raia anayekwenda Nairobi."

Dagane nusura ambusu. Alimgeukia Mzee Sugow na kwa mara ya kwanza tangu aanze ukalimani akatafsiri neno kwa neno: amekataa, hakuna safari, mambo yamekwisha. Mzee akanyong'onyea. Dagane akatoka akipiga mluzi, na kwa sababu ya mluzi ule hakusikia Inspekta akimwambia karani wake, "Niletee karatasi. Mzee akishindwa kwenda mlimani, mlima nitauleta mimi."

Msafara ulikuja, ukaondoka na barua. Msafara mwingine ukaja na gazeti.

Hoteli ilijaa mpaka watu wakakaa juu ya magunia. Wazee wa Keinan nao walikuwapo, wamenyamaza kwenye kona. Dagane alifungua ukurasa wa Shangazi kwa madaha, akalainisha koo, akatupa jicho kwenye mstari wa kwanza.

Wasomaji wangu, hebu niwasomee mimi, maana yeye sauti ilikatika.

"Kwa Msichana wa Ng'ambo ya Mto," gazeti lilisema. "Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniambia kijana anayewasomea gazeti hotelini hugeuza maneno yangu apendavyo. Juma hilo hilo nimepata barua ya afisa wa mji wenu, anasema kuna mzee anataka kunioa. Nimewajibu watu miaka mingi na sijapata kuona kisa cha namna hii. Swali lako sitalijibu hapa. Nimepewa ruhusa, nakuja na msafara unaofuata, nijionee kwa macho yangu."

"Anasemaje?" Mzee Sugow aliuliza.

Dagane aliinua macho na kuwatazama mmoja mmoja. Nani? Rukiyo hajui herufi hata moja. Wazee ndio kabisa. Msichana gani wa Garissa anajua kuandika Kiswahili? Mke wa sajini, lakini yule si msichana, ana watoto watano.

"Dagane, anasemaje Eddo?"

Akachagua uongo wa mwisho, wa kufunga kazi. "Anasema hataki mume. Hata aje nani, hataki."

Mzee Sugow akasimama taratibu, macho yakimng'aa.

"Amejuaje?"

"Amejuaje nini, Adeer?"

"Kwamba namtaka. Kibali nilikoseshwa, mjumbe sikutuma. Na bado ananijibu." Aliwageukia wenzake. "Mwanamke anayekataa kabla hajaulizwa, huyo ameniota."

Wallahi ameota, walisema wazee, na hoteli ikaanza upya kupeana mikono. Hata wazee wa Keinan walitoa yao, maana jambo kubwa ni jambo kubwa.

Mtu mwingine angetoroka. Lakini kutoka Garissa kulihitaji kibali, kibali kilikuwa kwa Inspekta, na siku ya msafara Inspekta alikuwa amesimama sokoni mkanda unang'aa, anamngoja Shangazi wake. Dagane alisimama nyuma ya mizigo ya ngozi. Alijiambia kwamba Nairobi ni mbali. Alijiambia kwamba wanawake wa mjini ni waoga wa barabara ile. Alijiambia mengi.

Lori la tatu lilisimama, askari wakafungua mlango wa mbele, na akashuka mwanamke mfupi mwenye miwani, mkoba kwapani, vumbi kichwani mpaka miguuni. Alipiga chafya mbili na kuuliza, "Yuko wapi huyo kijana?"

Dagane alidhani hakuna aliyeelewa isipokuwa Inspekta na yeye. Na Inspekta, Mungu amlaani kwa upole wake, alinyoosha kidole kwenye mizigo ya ngozi.

Mzee Sugow alijitokeza mbele ya watu, ndevu nyekundu, kikoi kipya, fimbo mkononi. Ebla alikuwa nyuma yake na vibuyu vya maziwa ya kumkaribishia mgeni. Mzee alizungumza Kisomali, kwa sauti ambayo hata malori yaliisikia.

"Dagane, mwambie: mimi ni Sugow, mume wa marehemu ndugu yake. Mwambie karibu kwake. Halafu muulize mbele ya wazee hawa, alisema au hakusema kwamba binti yangu asiozwe mbali?"

Dagane alijikokota mpaka katikati. Alifungua mdomo. Pande zote mbili za maisha yake zilikuwa zimesimama pale zikimtazama, na hakuna upande ulioelewa lugha ya mwenzake. Aliona njia moja ya kutokea. Angemwambia Shangazi lile, angemwambia mzee hili, nani angejua?

"Shangazi," alianza kwa Kiswahili, "mzee anakusalimu. Anasema pole na safari, na usichelewe kurudi Nairobi, barabara si salama."

"Hakusema hivyo."

Sauti ilikuwa ya kike, na Kiswahili kilikuwa kimenyooka kuliko chake yeye. Dagane aligeuka. Ebla alikuwa ameweka vibuyu chini.

"Shangazi, karibu Garissa," alisema Ebla. "Baba anasema yeye ni shemeji yako na amekuja kukuoa. Na anataka kujua kama ni kweli ulisema nisiozwe mbali. Ile barua ni yangu. Mke wa sajini alinifundisha kuandika, kwa kubadilishana na maziwa."

Dagane alitafuta ardhi ya kukanyaga. Wiki zote zile. Kila uongo alioutema hotelini, Ebla alikuwa ameshausikia ukweli wake asubuhi kule laini za polisi, akisomewa gazeti lile lile na mke wa sajini, na kurudi, na kunyamaza. Na mabega yale yaliyotikisika siku ile hayakuwa ya kilio.

Shangazi alivua miwani, akaifuta vumbi, akaivaa tena. Alimtazama mzee, akamtazama binti, akamtazama Dagane kwa muda mrefu zaidi.

"Mwanangu," alimwambia, "mwambie mzee huyu hivi. Mimi si ndugu wa marehemu mkewe, na kwetu ni Kitui. Wewe ni mwongo, na umemdanganya tangu siku ya kwanza. Binti yake analijua hilo tangu siku ya kwanza. Na aliniandikia aniulize swali moja tu: kijana anayedanganya mji mzima ili asimpoteze yeye, atafaa kuwa mume, au atamdanganya na yeye? Jibu langu ninalo. Nitalitoa nikishakusikia ukitafsiri."

"Amesema nini?" Mzee Sugow aliuliza. "Mbona ni maneno mengi hivyo?"

Wazee wa Keinan walisogea. Rukiyo alisogea. Soko lote lilisogea.

Dagane alimtazama Ebla. Ebla hakucheka sasa. Alikuwa ameshika shela yake kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza Dagane aliona kwamba na yeye anaogopa.

"Tafsiri," Ebla alimwambia kwa Kiswahili, taratibu. "Na usipunguze kitu. Mimi nasikia."

Fimbo ya Mzee Sugow ilikuwa hatua moja kutoka kichwani pa Dagane.

"Adeer," alisema kwa Kisomali, na sauti yake ilitoka ndogo lakini ilitoka, "Eddo amesema mimi ni mwongo."

Mzee Sugow alihamisha fimbo kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia.

"Endelea," alisema.